Kabla Soli Hazijaisha

Virgil Odom alibisha mlango wetu Jumanne ya mwisho ya Julai, saa kumi alasiri, akiwa kichwa wazi. Kwa miaka kumi na sita nilikuwa nimemwona na kofia tu, nyeupe pe, kwenye mabango ya sinema, kwenye vikebe vya chakula vya watoto wa shule, kwenye kalenda ya duka la dawa. Bila kofia alionekana mfupi kidogo, na nywele zilikuwa zimeanza kulikimbia paji la uso. Mimi nilikuwa nimetoka zamu kiwandani, nyuzi za soksi zimenijaa kichwani, miguu peku, nakula nyanya kwa chumvi nikiwa nimesimama. Nilimtazama kupitia wavu wa mlango, naye akanitazama.

"Maurine," alisema mwishowe.

"Umekosea nyumba," nikamjibu. "Farasi umemwacha wapi?"

Watoto wa Marekani nzima walimjua kwa jina la Lane Colton, kauboi mwimbaji, mwenye farasi aitwaye Banjo. Filamu thelathini na moja. Katika kila moja aliwakamata wezi wa ng'ombe, akaimba juu ya tandiko, na mwisho akaagana na binti wa shamba kwa kugusa ukingo wa kofia. Hakumbusu binti hata mmoja. Kampuni ya filamu haikuruhusu. Wavulana wadogo, walisema, hawapendi kuona mabusu. Lakini mimi nilimjua kabla ya kofia. Nilimjua akiwa Virgil wa Oklahoma, mtoto wa mchimba visima, anayeimba kwenye dansi za Jumamosi katika ghala la pamba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipomsindikiza kituo cha basi, yeye na gitaa lake na tiketi ya California. Aliinama akagonga kiatu chake kwa kidole, akaniambia atarudi kabla soli hazijaisha.

Barua zilikuja mwaka mmoja na miezi minne. Kisha zikakoma.

Sikuolewa. Wachumba walikuwepo, mmoja alikuwa na duka la redio na meno yake yote. Baba alipofariki tulihamia Nashville, mimi na Mama, kumfuata kaka yangu Hollis aliyepata kazi ya kupiga besi, lile fidla kubwa lenye kimo cha mtu, kwenye studio za kurekodi. Mchana nilishona vidole vya soksi kiwandani. Jioni niliandika nyimbo kwenye meza ya jikoni, na Hollis alizipeleka kwa wakubwa wake, na mara moja moja mtu aliimba mmoja.

Sasa mwanamume yule alikuwa amesimama kibarazani kwangu, anahamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule kama anayekanyaga mchanga wa moto. Nilikuwa karibu kufunga mlango wa mbao juu ya ule wa wavu, Mama akatokea nyuma yangu akifuta mikono.

"Mwache aingie," alisema. "Majirani wana macho."

Mama yangu, Beulah Stegall, ndiye aliyepiga marufuku jina la Virgil lisitajwe nyumbani kwetu. Kwa hiyo nilishangaa kumwona akishika nywele zake nyuma, akizipanga. Alimtazama Virgil juu mpaka chini, akamwambia kwamba ile filamu ya treni na daraja mwisho wake haukumridhisha, kwa kuwa mwizi mkubwa alikufa upesi mno.

Niligeuka. "Mama, wewe umeiona wapi?"

"Sinema. Jumamosi mchana."

"Jumamosi mchana unakwenda kushona kwa Bi Dorsett."

"Bi Dorsett naye anapenda farasi," alisema Mama, akaingia jikoni kukata bamia.

Virgil hakutulia. Alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi, akashika kibakuli cha chumvi akakisogeza inchi mbili. Huku akitembea alieleza. Kampuni ya filamu ilikuwa imewaita makauboi wote ofisini mwezi wa tatu, ikawapa mikono na kuwaaga. Watoto sasa walikuwa na televisheni sebuleni. Hakuna aliyetaka tena kulipa kiingilio amwone mtu akiimba juu ya farasi. Yeye alikuwa na miaka thelathini na minane na sauti iliyobaki. Akaamua kuja Nashville kuimba kantri ya watu wazima, ile ya ndoa na pombe na majuto, ambayo kule California hawakumruhusu kuigusa. Kampuni ya santuri ilimkubalia siku moja ya kurekodi, Alhamisi saa nane mchana. Msimamizi, Bwana Fussell, alimpa rundo la nyimbo achague.

"Nilikuwa nazisoma garini," alisema. "Nikafika kwenye mmoja. Jina juu, M. Stegall. Nikadhani ni mwanamume fulani. Nikasoma mstari wa kwanza, nikalazimika kusimamisha gari pembeni."

Nilijua ni upi. Ulianza hivi:

*Uliniambia utarudi kabla soli hazijaisha.*
*Niambie, huko ulikokwenda hamkanyagi chini?*

"Ndio wimbo mzuri kuliko zote nilizowahi kushika," alisema. "Nataka kuuimba. Bwana Fussell akanielekeza hapa, nimekuja kuomba."

Moyo wangu ulifanya upumbavu wake. Nilikuwa nimeutunga wimbo ule kwa hasira, kisha kwa machozi, kisha nikaupanga upya mara tisa kwa utulivu wa fundi, nikiamini nimemaliza naye. Sasa macho yake yalikuwa yananitazama yale yale, ya kijivu, yenye mikunjo mipya pembeni, na mikono yangu haikujua iende wapi. Nikachukua taulo nikalikunja. Nikalikunjua.

"Huo ni wimbo wa mwanamke," nilisema. "Utaimbaje?"

Akatoa karatasi mfukoni. Hakunipa mara moja. Aliikunja kona kwanza. Bwana Fussell, alisema, alikuwa ameshaugeuza maneno kidogo ili mwanamume aweze kuuimba. Nikaisoma. Katika maneno mapya, mwanamume alirudi mapema, soli zake bado nzima, akakuta mlango uko wazi na mwanamke ametoroka.

Nilisoma mara mbili. Jikoni kisu cha Mama kilikuwa kimenyamaza.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeondoka," nilisema.

"Ni wimbo tu, Maurine."

"Miaka kumi na sita nimekalia maumivu haya peke yangu. Sasa umekuja kunitoa kwenye kiti ukalie wewe."

Alijaribu kueleza. Kulikuwa na kampuni ya mikate iliyodhamini kipindi chake cha redio cha asubuhi, na kampuni nyingine iliyouza kofia na bastola za bandia zenye jina lake. Mikataba yote miwili ilisema Lane Colton ni mtu safi: halewi, hadanganyi, havunji ahadi. Akiimba kwamba ameachwa, watu watamhurumia. Akiimba kwamba ameacha, atabaki bila kitu. Alisema haya akitazama sakafu.

Nikamuuliza nililotaka kumuuliza tangu nilipokuwa na miaka ishirini. "Kwa nini uliacha kuandika?"

Nilikuwa nimemtungia majibu mengi kwa miaka hiyo. Ajali. Mwanamke mwingine. Barua kupotea posta. Kila jibu lilikuwa na huruma kidogo ndani yake.

"Waliniambia niache," alisema. "Kauboi asiwe na mchumba, watoto hawatamtaka. Wakaniita ofisini, wakaniambia, nikasema sawa. Ndivyo ilivyokuwa. Sikubishana hata dakika moja. Halafu nikaona aibu kukuandikia kwamba sikubishana, na kila mwezi uliopita aibu ikazidi, mpaka ikawa rahisi kutoandika kabisa."

Ningeweza kumsamehe mwongo kwa urahisi zaidi. Mwongo unamshinda ukimfichua. Mtu akikuambia ukweli mbaya namna ile, amesimama katikati ya sebule yako mikono mitupu, huna la kumnyang'anya.

Wakati huo Hollis akaingia na besi lake mgongoni, akamwona. Kaka yangu ni mtu mnene, mpole, ambaye hulaza mtoto wa jirani kwa kumwimbia. Aliegemeza besi ukutani polepole sana. Akamwambia Virgil kwamba Alhamisi watakuwa chumba kimoja kwa sababu kazi ni kazi, na kwamba atampigia besi vizuri kama anavyompigia mtu yeyote, lakini nyumba hii si studio na mlango ni ule pale.

"Wewe hukumwona," Hollis alisema. "Mimi nilimwona. Alikuwa anakwenda sanduku la barua mpaka mtu wa posta akaanza kupita njia nyingine kwa kumwonea huruma."

Virgil alikubali kwa kichwa. Alipofika mlangoni nilimfuata mpaka kibarazani, nikamrudishia karatasi yake.

"Ukitaka wimbo wangu, uimbe ukiwa yule aliyeondoka," nilisema. "Ama usiuguse."

"Unajua nitapoteza nini."

"Najua. Mimi nilishapoteza changu, na sikupewa nafasi ya kuchagua."

Akaondoka. Mama akatukaangia bamia ambazo hakuna aliyezila.

Jumatano nilivunja sindano tatu kiwandani. Alhamisi asubuhi nikavunja nyingine, na msimamizi wetu, Bi Yarbrough, akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia sina. Akaniambia basi niache kutikisa mguu chini ya meza, nawatetemesha wenzangu wote mstari mzima. Nikajaribu kuuzuia mguu. Ukahamia kwenye mkono. Saa nane ilipogonga nilivua aproni, nikaitundika, nikamwambia kweli nina homa, nikatoka.

Studio ilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la fanicha, mwendo wa mitaa kumi na mmoja. Nilitembea jua kali, nikijiambia kwamba nakwenda kwa sababu ya wimbo tu. Mtu ana haki ya kusikia mali yake ikiharibiwa. Nilijiambia hivyo kila kona ya mtaa, na kila kona niliongeza mwendo.

Nilipofika walikuwa wameshaanza. Kulikuwa na ujia mwembamba wenye kioo kirefu, na kupitia kioo niliwaona: mpiga fidla, mpiga gitaa la chuma, lile la kulaza mapajani, Hollis amekumbatia besi lake, na Virgil mbele ya maikrofoni. Chumba cha pili, kwenye mitambo, alikaa Bwana Fussell, mwembamba kama ufagio, na pembeni yake mtu mwenye kofia ya majani juu ya goti. Baadaye niliambiwa anaitwa Ainsley, ametumwa na kampuni ya mikate.

Walikuwa wanaimba maneno yaliyogeuzwa. Nilisimama nikasikiliza. Ulikuwa unaimbwa vibaya. Virgil alikuwa anaimba kwa sauti ile ya filamu, pana, tamu, iliyotengenezwa kuvuka bonde na kurudi. Kila neno lilikuwa na tabasamu ndani yake. Bwana Fussell akasimamisha. Wakarudia. Akasimamisha tena. Mara ya tano akabonyeza kitufe cha kusemea akasema, bila ukali, kama daktari:

"Bwana Colton, unamwimbia farasi. Mimi niko hatua tatu kutoka kwako. Niimbie mimi."

Virgil akafuta uso kwa kitambaa. Alipoinua macho akaniona kwenye kioo, na aproni yangu sina, na nyuzi bado kichwani. Alisimama akinitazama muda mrefu kiasi kwamba mpiga fidla naye akageuka kuona kuna nini. Kisha akasema kwenye maikrofoni anaomba dakika kumi, akatoka.

Ujia ulikuwa mwembamba. Hatukuweza kusimama mbali hata kama tungetaka. Alinuka sabuni na jasho, na nilikumbuka ghala la pamba, na mkono wake kwenye mgongo wangu, na jinsi alivyokuwa akihesabu midundo kwa sauti ya chini ili asinikanyage.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja kwa ajili ya wimbo."

"Haukubali kuimbika. Nimejaribu mara tano."

"Kwa sababu si kweli. Wimbo ukiwa na uongo ndani, hata mwenye sauti kama yako atajikwaa pale pale."

Alivuta pumzi. Akatoa penseli na ile karatasi, akaigeuza nyuma, akaiegemeza ukutani akaandika. Alifuta. Akaandika tena, akinifichia kwa bega kama mtoto wa darasani, mguu wake ukigonga sakafu. Halafu akanipa.

*Nilisema nitarudi kabla soli hazijaisha.*
*Wakanipa farasi, nikasahau kutembea.*

Nilisoma, na nikahisi wivu mtupu, wivu wa fundi. Miaka kumi na sita nimezunguka mlango ule sikuuona, na mtu aliyenifungia nje ndiye aliyeushika kitasa. Ulikuwa mstari bora kuliko wowote niliouandika mimi. Karibu nimwambie hivyo. Kisha nikaona neno moja, nikachukua penseli mkononi mwake.

"Hawakukupa," nilisema. Nikakata *wakanipa*, nikaandika *nikapanda*. "Walikuletea. Wewe ndiye uliyepanda."

Alitazama neno lile. Mpaka leo nakumbuka uso wake ulivyobadilika. Ulikuwa kama wa mtu aliyekuwa amebeba mzigo kwa bega moja siku nzima, akaamua mwishowe kuuweka sawasawa mgongoni.

"Nikapanda," alirudia.

Akaingia. Nilimwona kwenye kioo akizungumza na wanamuziki, akionyesha karatasi, na Hollis akaiomba aisome. Kaka yangu alisoma muda mrefu. Akainua macho kunitafuta. Kisha akainama, akakaza uzi mmoja wa besi, akakubali kwa kichwa. Bwana Ainsley alikuwa amesimama kule kwenye mitambo, anasema kitu huku akinyoosha kidole. Bwana Fussell alimsikiliza, akafikiri, akawasha mashine.

Virgil aliimba kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Oklahoma. Ilikuwa ndogo. Ilikuwa na ufa pale juu, ambao kule California walimfundisha kuuficha. Hakuimbia bonde, wala mimi hakunitazama. Aliimba amefumba macho, kama anayemjibu mtu aliyemuuliza swali jikoni. Alipofika kwenye *nikasahau kutembea* sauti ilishuka karibu kupotea, na gitaa la chuma likainuka kuishika. Nilibonyeza paji la uso kwenye kioo. Kilikuwa cha baridi.

Baada ya ubeti wa pili Bwana Ainsley alivaa kofia yake, akapita nyuma yangu kwenye ujia, akateremka ngazi. Hakupiga kelele. Alisema tu, akinipita, kwamba ni bahati mbaya, watoto wake wawili walikuwa wanampenda sana.

Wimbo ulipoisha Bwana Fussell alingoja mlio wa mwisho ufe, kisha akasema wasirudie.

Ijumaa kampuni ya mikate ilivunja mkataba. Jumatatu ikafuata ya kofia na bastola. Virgil alikuja kutueleza mwenyewe, amesimama chini ya ngazi za kibaraza, hathubutu kupanda. Nilitarajia awe amevunjika. Alikuwa anahangaika, ndiyo, anazungusha funguo kidoleni, lakini alikuwa na wepesi fulani wa ajabu. Aliniambia ametumia jina lake mwenyewe kwenye santuri. Virgil Odom. Bwana Fussell alilalamika kwamba hakuna anayemjua mtu huyo, naye akamjibu kwamba hilo ndilo jambo zuri zaidi lililomtokea mwaka huu.

Santuri ilitoka wiki ya tatu ya Agosti. Kwanza kimya. Kisha mtangazaji mmoja wa Arkansas akaipiga mara mbili mfululizo, na barua zikaanza kuja, nyingi za wanawake. Mmoja aliandika kwamba mume wake aliposikia ule mstari wa farasi alizima trekta, akaingia ndani, akamwomba radhi kwa jambo la mwaka 1941, na hakutaka kusema ni jambo gani.

Virgil alikuwa anakuja kila Jumapili baada ya kanisa. Mama alimpa kuku na mkate wa mahindi. Hollis alimpa mgongo wiki mbili, wiki ya tatu akampa chumvi alipoiomba. Mimi nilikaa upande wa pili wa meza. Nilimwambia wazi kwamba wimbo mmoja haufuti miaka kumi na sita, na yeye akasema hakudhani unafuta. Lakini tulikuwa tunatunga. Baada ya chakula tulikaa kibarazani na gitaa, yeye akitafuta sauti, mimi nikitafuta neno, na magoti yetu yalikuwa na umbali wa shubiri moja, na shubiri ile ilinisumbua kuliko miaka yote ya ukimya. Usingizi ulinipotea. Nilijikuta nasimama katikati ya chumba sijui nilikuwa nakwenda kuchukua nini.

Katikati ya Septemba alikuja siku ya Jumatano, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Gari lake lilikuwa limepakiwa. Walikuwa wamempangia ziara ya siku arobaini, kumbi za shule na ghala za mnada, kutoka Murfreesboro hadi Florida na kurudi. Bendi ilikuwa inatangulia na gari jingine. Hollis alikuwa amekubali kupiga besi, na alikuwa tayari anafunga besi lenyewe juu ya paa kwa turubai. Virgil alipanda ngazi za kibaraza mara hii. Alinishika mikono yote miwili.

"Maurine," alisema, "nakuomba unisu—"

Akanyamaza. Aliisikia sauti yake mwenyewe. Tulitazamana, sote wawili tukilisikia neno lile ambalo hakulimaliza.

"Sema," nilimwambia.

"Siwezi kulisema."

"Vizuri. Maana jibu ni hapana. Nilishasubiri mara moja na sikuiweza vizuri. Muulize mtu wa posta."

Nikatoa mikono yangu kwenye yake, nikaingia ndani. Sanduku langu lilikuwa chini ya kitanda, na sitadanganya, lilikuwa limepangwa tangu Jumapili. Nguo tatu, daftari la nyimbo, viatu vizuri. Nilipotoka nalo Virgil alikuwa bado amesimama pale pale, mikono imebaki mbele kama nilivyoiacha.

"Ule wimbo unahitaji sauti ya pili," nilisema. "Ya mwanamke. Umesikika upande mmoja, sasa wasikie wa pili. Bwana Fussell amekubali. Nilimpigia simu kutoka kiwandani, Bi Yarbrough amenisimamia nikiongea, kisha akanifukuza kazi."

Hollis alishuka kwenye gari. Alisema hapana, dada yake hasafiri siku arobaini na mwanamume ambaye hajamwoa, watu watasema nini. Nilimwambia sijaombwa kuolewa, na nikiombwa leo sitakubali, kwa hiyo apunguze sauti. Virgil alifungua mdomo. Nikamwambia naye aufunge. Nilikuwa na miaka thelathini na mitano, na sikuwahi kuwa na hakika na jambo lolote kama lile.

Mama ndiye aliyeamua. Alitoka na kikapu cha kuku wa baridi, akakiweka kwenye kiti cha gari, akampangia kila mtu mahali pake. Virgil aendeshe. Mimi nikae mbele, kwa kuwa nikikaa nyuma natapika. Hollis akae nyuma katikati, ambako anaona mikono ya kila mtu. Alinibusu, akamwambia Virgil kwamba kama ataniacha popote kati ya hapa na Florida, yeye Beulah Stegall anajua kupiga risasi kuliko wale wezi wote wa ng'ombe. Virgil akasema ndiyo, Mama.

Tukaondoka. Nyumba za mashariki ya mji zikaisha, mashamba ya tumbaku yakaanza, na upepo uliingia madirishani ukatuchanganya nywele. Hollis alikula paja la kuku. Virgil aligonga usukani kwa vidole, akaacha, akagonga tena.

"Tukifika Chattanooga," alisema mwishowe, macho barabarani, "utakuwa umenisamehe?"

Nikapiga hesabu ya njia kichwani. "Chattanooga ni karibu mno."

"Atlanta?"

"Atlanta nayo."

Alifikiri kidogo. "Kuna mji Georgia, mbele ya Macon. Tunafika Jumanne ijayo."

Nyuma yetu Hollis aliacha kutafuna ili asikie vizuri.

Nilitazama nje kwa muda, nikauacha moyo wangu ukimbie ulivyotaka. Kisha nikasogea kwenye kiti, shubiri moja, mpaka bega langu likagusa lake.

"Endesha gari, Virgil," nilisema.